Nukta Tatu Nilizozificha

Jumatatu, 3 Machi
Nimeficha jambo kwa miaka thelathini na moja. Kwa kuwa moyo wangu sasa unagonga kama mlango mbovu, naliandika. Katika programu ya hesabu wanayotumia wanasayansi kuna amri ya kuchora grafu, chora_laini. Niliitunga mimi. Wote huisifu: mistari imenyooka kama uzi uliovutwa! Siri yake: hutupa kimyakimya nukta tatu zilizo mbali zaidi na mstari. Grafu yangu ya kwanza ilikuwa na sura ya meno ya mamba, na mkuu wa idara alishafika mlangoni. Nilikusudia kuirekebisha kesho yake. Kesho hiyo haijafika.

Binti yangu, anayeniuguza, hunipima presha asubuhi na jioni, kisha huchora vipimo kwa amri hiyohiyo. Eti kumuenzi baba. Leo kasema presha imetulia. Ijumaa daktari akiona grafu atanipunguzia dawa nusu. Nusu! Nikisema, sifa kwisha. Nikinyamaza, mimi kwisha.

Jumanne, 4 Machi
Hila imepatikana. Naongeza amri mpya isiyotupa kitu. Ukweli utatoka wenyewe, nami sijafungua mdomo. Nimeiandika kabla ya uji. (Uji usio na chumvi, kwa agizo la daktari. Gundi tupu.) Nimeiita chora_mwalimu, nikaituma kwa wahakiki wa programu, wanaoamua kipi kiingizwe.

Jioni, jibu. Mhakiki ni Bwana Koma! Tulifundisha pamoja miaka ishirini. Jina hilo tulimpa kwa kuwa hakuna mkato uliowahi kumponyoka. Kasema kanuni ni moja: jina la amri liseme kazi yake. Akauliza kama nataka kila grafu iniamkie shikamoo. Mshenzi.

Jumatano, 5 Machi
Koma kauliza amri mpya ina tofauti gani na ya zamani. Nimejibu: rangi ya buluu. Kasema rangi si kazi. Nimejibu: ina roho nzuri. Hakucheka. Akaipitia mwenyewe mstari kwa mstari, akaona inachora nukta zote, basi iitwe chora_zote.

Jasho! Mtu akisikia zote, si atauliza ile nyingine huacha zipi? Nimependekeza chora_tena, chora_tu, chora_basi. Binti kaniuliza mbona natetemeka. Nikasema baridi. Kaniletea blanketi la pili, na jua lilivyo kali.

Wahakiki na watunzi tumepiga kura. Kumi na moja chora_zote, moja chora_basi. Hiyo moja ni yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Amri imeingizwa. Nimemsihi binti aijaribu kwa vipimo vyangu. Kabonyeza. Vilima vitatu vikachomoza! Kashika kichwa: "Baba! Hii presha ya mtu au ya tairi?" Akafungua grafu ya zamani, akafungua mpya, akanitazama. Huyu nilimfundisha hesabu mwenyewe, kosa langu.

Nikasema amri mpya ina hitilafu. Nikamwandikia Koma palepale kumshtakia amri yangu mwenyewe. Hazikupita dakika tano. Kajibu kwamba mpya ni nzima, mbovu ni ile ya zamani, na kwamba amelijua hilo tangu mwaka uleule. Alikuwa akingoja niseme mwenyewe. "Miaka thelathini na moja, bwana wee! Umenichosha."

Binti alikuwa anasoma begani kwangu. Nikakiri yote. Kacheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akalia kidogo, kisha akampigia daktari.

Ijumaa, 7 Machi
Dawa haikupunguzwa. Kidonge kizima, na nipo. Koma ameweka onyo chini ya chora_laini: hutupa nukta tatu, kosa la mtunzi. Jina langu limeandikwa kamili! Nimelisoma mara sita.

Daktari kashangaa kuona vilima vyote ni vya jioni, tena jioni za siku ambazo binti alikwenda dukani. Binti anashuku mashine ya kupimia. Nimemuunga mkono: mashine siku hizi haziaminiki.

Nimeanza kuandika amri ya tatu. Hii itatupa nukta nne, maana leo pia amekwenda dukani. Koma atataka sababu. Nitamwambia ni kupumzisha macho ya msomaji.

Na kwa kuwa haya ni maungamo: chumvi imo ndani ya kasha la miwani.