Mkate Kabla ya Kuinua Kichwa

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya tisa sasa, hakuna kinachokaa tumboni mwa mke wangu. Leo karudisha hata maji. Mimba ya miezi miwili na nusu, mashavu yamebonyea, nami nazunguka nyumba na ndoo. Mama mkwe kapiga simu. Anasema Jumamosi anakuja, na akimkuta mwanawe bado hali, anaondoka naye, akamlee kwake mpaka ajifungue. Zaidi ya miezi sita! Nikamjibu kwa adabu zote kwamba karibu sana mama, hapa ni kwako. Nilipokata simu nikaung'ata mto.

Jioni mke wangu kaniambia kwa sauti ndogo kwamba labda angeweza mkate wa moto, asubuhi, kabla hajainua kichwa. Duka la mikate hufunguliwa saa mbili. Kufikia hapo ndoo imeshafanya kazi. Basi mkate utaokwa humu humu ndani. Na nitakuwa nimeukanda kwa mikono yangu! Ndivyo atakavyoambiwa mama mkwe, angalau.

Jumanne, 4 Machi
Katibu muhtasi wa ofisini kwetu ana mashine ya mkate. Zawadi ya harusi, hajawahi kuitumia. Kaniazima kwa sharti nimpokelee simu zake saa ya chakula, wiki nzima. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nimeiingiza nyumbani ndani ya gunia. Mke wangu nimemwambia ni mafaili.

Kijitabu cha maelekezo sikukifungua. Unga na maji, kuna nini cha kusoma? Nikamimina kila kitu, nikabonyeza. Baada ya masaa matatu: ganda juu, unga mkavu chini. Kile kichuma kidogo cha kukandia nilikikuta kwenye mfuko wa shati langu. Nikawatupia kuku wa jirani. Wakauzunguka, wakaondoka.

Jumatano, 5 Machi
Kichuma ndani. Na nimejiongeza: hamira mara mbili, mkate mara mbili. Hesabu nyepesi! Unga ukapanda, ukainua kifuniko, ukamwagikia pale penye moto. Moshi nyumba nzima. Mke wangu akauliza kutoka chumbani kunaungua nini. Nikapaza sauti kwamba ni jirani huyo anachoma takataka zake. Bahati mbaya jirani alikuwa mlangoni kwangu, kaja kuuliza kama tuko salama. Kaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeshusha hamira. Nimepima kwa kikombe. Saa moja jioni umetoka mkate! Wa kahawia, umebonyea kidogo upande mmoja, lakini mkate. Nilicheza peke yangu jikoni. Nikampelekea. Akasema jioni hawezi, ni asubuhi tu. Asubuhi utakuwa umepoa na kukauka, nami hapo nikaishiwa pozi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Akanishika kidole gumba, akalala. Sitaki aende. Sijui hata taulo zinakaa wapi, lakini si hilo. Sitaki aende.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Mashine ina saa. Unaiambia mkate uwe tayari saa ngapi, inajisubirisha yenyewe. Mimi nalala, yenyewe inahangaika. Huu ndio uungwana. Saa yake nimeiweka kwa kunakili tarakimu za kwenye simu. Kisha nikaiagiza mkate wa saa moja asubuhi: nikabonyeza 1, na kwa kuwa kuna alama ya jua na ya mwezi, nikachagua jua. Nimeiweka kwenye korido, kando ya mlango wa chumbani, nikaifunika koti. Harufu itamfikia kwenye mto. Mama mkwe ataumbuka.

Jumamosi, 8 Machi
Saa moja: kimya. Saa moja na nusu: kimya, na ndoo. Nilitaka kulia.

Saa tatu na nusu mashine ikaanza kunguruma. Nikajua ndiyo inakufa, nikaiacha. Saa nne mama mkwe kaingia na begi tupu. Akauliza kinachonguruma chini ya koti ni nini. Nikasema friji. Akaniangalia, akapita, akaanza kupanga nguo za mwanawe ndani ya begi. Yeye akiweka gauni, mimi natoa viatu. Akaniambia mwanangu, acha. Nikaacha. Mke wangu kakaa kitandani, anatazama ukuta. Teksi imeagizwa saa saba.

Saa sita na nusu ikaja harufu.

Mama mkwe alisimama na khanga mkononi. Mke wangu akageuza uso kuelekea mlangoni. Akauliza ni nini hicho. Saa saba kamili mashine ikalia, nami nikaelewa: ile moja yangu, kwa mashine, ni saa saba mchana! Karani mimi, mwaka wa kumi na moja nabadilisha saa za barua za ofisi kutoka za Kizungu bila hata kufikiri, nikaenda kudhani mashine inahesabu kuanzia macheo kama sisi wengine.

Mke wangu amekula vipande vitatu. Vitupu, vya moto, mvuke unatoka. Tukasubiri wote, macho kwenye ndoo. Hakuna kitu! Akaomba cha nne. Machozi yalinitoka, nikasema ni mvuke. Teksi ilipopiga honi mama mkwe alitoka akairudisha. Aliporudi akauliza nani aliyeukanda. Nikasema mimi, kwa mikono hii. Akaitazama mikono, akalitazama koti, akalivuta taratibu mpaka likaanguka. Akakata kipande chake, kisha akaanza kurudisha gauni kabatini, moja moja.

Jumapili, 9 Machi
Mkate umetoka asubuhi yenyewe. Kala viwili kabla ya kuinua kichwa. Kaoga, kakaa uani juani, kasuka nusu ya nywele zake. Nyumba ina sauti tena.

Mama mkwe kapiga simu. Jana jioni alirudi kwake na begi lake tupu; leo sauti laini! Kanipongeza kwamba najitahidi. Ningesema asante, nikaishia hapo. Badala yake nikajisikia nikimwambia kwamba huo si kitu mama, nguo zote za mtoto nashona mwenyewe, sindano na uzi, nimeshafika kwenye kofia. Akasema atakuja kuziona Jumamosi.

Mke wangu alikuwa pembeni yangu. Kacheka mpaka kashika ukuta. Nimempigia katibu muhtasi; anasema shangazi yake ana cherehani ya umeme, kamilifu, na kijitabu chake cha maelekezo. Nimemwambia alete cherehani tu.