Bingwa wa Upinde Asiyejua Kuvuta

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Wewe uliyeokota daftari hili: lifunge. Ukishindwa kulifunga, basi soma peke yako, midomo imefumbwa, na usimwambie mtu hata neno moja. Si mkeo, si padri, na hasa si Ruphin. Kazi yangu yote imo humu ndani.

Mimi ni Michée, karani wa majaribio. Ofisi yetu inashughulikia karatasi za malori yanayopitia mpakani Sakania. Makarani wa majaribio ni wawili, mimi na Ruphin. Nafasi ni moja! Mkurugenzi mpya, Monsieur Paulin, ataamua Jumatatu ijayo.

Leo aliniita. CV yangu mkononi. Nikaanza kuhesabu makosa yangu. Lakini alikuwa anatabasamu. Kumbe amesoma mstari wa mwisho, ule wa mambo ninayoyapenda: "Kupiga upinde wa jadi, tangu utoto."

Sijawahi kushika upinde. CV ya mfano niliyopewa cyber, pale pa intaneti, ilisema "kusoma na kusafiri." Kila mtu anasoma na kusafiri! Nilitaka kitu cha kukumbukwa. Kimekumbukwa.

Patron, ndivyo tunavyomwita Monsieur Paulin, akasema naye ni mtu wa upinde, wa siku nyingi. Jumamosi nije kwake, mtaa wa Golf, na upinde wangu. Nikajibu kwamba itakuwa furaha. Sauti ilitoka nyembamba kama filimbi.

Ruphin alikuwa nyuma ya mlango. Akasema naye atakuja, kuangalia tu. Akauliza upinde wangu ni wa mti gani. Nikasema: wa mti mzuri.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Mpango: kununua upinde kwa siri, kujifunza kwa siku tatu, kuwa bingwa Jumamosi. Rahisi.

Nimeelekezwa mtaa wa Kamalondo, kwa Mama Mwajuma. Mjane wa seremala, watu wa asili ya Maniema. Anatengeneza viti, vinu, na pinde za wawindaji. Nikamweleza kwamba upinde si wangu, ni wa binamu yangu. Akauliza urefu wa binamu. Nikasema kama mimi. Mikono yake? Kama yangu. Akaniangalia kuanzia viatu.

"Na huyo binamu yako njo anavaa shati yako pia?"

Nikaingiza shati ndani ya suruali.

Ana namna yake ya kumchagulia mtu upinde wa kwanza. Unavuta mpaka mkono uguse shavu. Unabaki hapo hapo. Unataja jina lako na la baba yako, polepole. Sauti ikitetemeka, upinde si wako, urudishe ukutani.

Upinde wa kwanza, mweusi, mnene, mzuri ajabu: "Mi..." Basi. Wa pili: "Michée, mutoto ya..." Mkono ukagoma. Wa tatu, mwembamba, wa rangi ya mkate: nilitaja jina langu, la baba, la babu, na anwani ya ofisi. Sauti imara!

"Ule njo wako," akasema Mama Mwajuma.

Nikauliza kwa kawaida nani hununua upinde kama ule. Akasema batoto ba shule, hasa banamuke ba miaka kumi na mbili, banajifunza haraka.

Nilimwambia nitarudi.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Janga. Ruphin amesoma mambo ya pinde kwenye simu yake usiku kucha. Saa ya chai akaniuliza, mbele ya watu, upinde wangu unavutwa kwa nguvu ya kilo ngapi. Nikasema arobaini. Akapiga mluzi. Nyuma yake Patron alikuwa anapita. Naye akapiga mluzi!

Arobaini! Mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano huwa nauburuta.

Ilibidi ule mweusi. Nikarudi Kamalondo baada ya kazi. Mama Mwajuma akakataa. Akasema kumpa mwanafunzi upinde mzito ni kama kumpa mtoto mchanga fufu na mifupa. Nikamkumbusha kwamba mteja ni mfalme. Akajibu kwamba katika lupango yake, ndani ya ua wake, hakuna mfalme, kuna yeye. Mwishowe nikamwambia nitautundika ukutani tu. Hapo akaufunga kwa gazeti. Kwa ukuta, akasema, anauza chochote, ukuta haujawahi kuumia bega.

Akanipa maonyo mawili. Upinde ukipumzika, vua kamba. Na usiachie kamba kamwe bila mshale, mti utapasuka. Nimeyaandika yote mawili. Chini yake nikatia saini na tarehe, kwa mazoea.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Jana niliuleta nyumbani umezungushiwa kitambaa, ili watu wasijue. Watu wakadhani ni fimbo ya kutundikia rido, yaani pazia. Kijana asiye na mke, anabeba fimbo ya rido! Nimepongezwa na nyumba sita. Mama mwenye nyumba akauliza bibi harusi ni wa kabila gani. Nikasema ana haya. Akasema atamzoesha.

Kwa utii, nikavua kamba ili upinde upumzike.

Sasa kamba hairudi. Nimejaribu kwa goti. Kwa mguu. Nikabana ncha moja mlangoni na kulalia nyingine. Mlango umetoka kwenye bawaba. Upinde haukusogea.

Nina fimbo nyeusi ya bei ghali.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Mpango wa pili: bandeji. Nimefika ofisini kifundo cha mkono wa kulia kimefungwa. Nimeteguka, nasikitika sana, Jumamosi nitatazama tu. Ruphin akanihurumia. Akauliza navuta kamba kwa mkono upi. Nikasema wa kulia. Saa tisa akasema kwa sauti, mbele ya ofisi nzima, kwamba huo mkono mgonjwa umegonga mihuri mia moja na kumi tangu asubuhi. Alikuwa anahesabu!

Nimefungua bandeji chooni.

Mpango wa tatu, bora kuliko yote: desturi. Nitasema upinde wa ukoo wetu haufungwi kamba siku ya Jumamosi. Desturi ya wapi? Ya kwetu. Nani atakwenda kukagua kwetu?

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Naandika kwa shida, vidole vimevimba. Nieleze kwa utaratibu.

Golf. Nyasi zimekatwa kama nywele za askari. Mlinzi akataka niache fimbo yangu getini. Nikasema ni upinde. Akaita mwenzake waje kuucheka pamoja.

Ruphin alishafika kabla yangu. Shabaha ya majani iliegemezwa ukutani. Mezani kulikuwa na pinde tatu mpya na faili yenye barua moja ya kazi. Jina sikuliona, lilifunikwa na sahani ya karanga.

Nikaanza na desturi ya ukoo. Patron hakusikiliza. Akanishika bega, akanivuta hadi kwenye maua, akaninong'oneza. Hajawahi kupiga upinde maishani! Aliwaambia majirani na rafiki zake kwamba ni mtaalamu, na siku si nyingi watakuja kumwona.

"Petit, mdogo wangu, unichagulie moja. Ya kuanza. Na Ruphin asijue."

Mmoja ulikuwa mwepesi. Niliujua mara moja, ulikuwa ndugu wa ule mwembamba wa Kamalondo. Ningempa ule, siku ingeisha vizuri. Lakini nawezaje kumpa Mkurugenzi upinde wa batoto ba shule, na barua iko chini ya karanga? Nikamchagulia mzito kuliko zote. Nikasema unalingana na mabega yake.

Alifurahi sana kuhusu mabega.

Akavuta. Uso ukawa rangi ya nyanya ya kopo. Hakuachia kamba, kamba ndiyo iliyomwacha. Mshale haukuiona shabaha. Ulipita juu ya ukuta. Kisha, upande wa pili, sauti ya maji.

Baada ya dakika mbili akaingia Mama Deborah, jirani, mwenye duka la dawa. Mshale mkononi, kitenge kimelowa hadi magotini. Tangi lake la maji, lile la plastiki juu ya nguzo, limetobolewa! Akauliza nani.

Patron akawa anachunguza mawingu.

Nikamwona Ruphin anavuta pumzi. Nikaelewa. Anataka kujibebesha kosa la Patron! Akiwahi, barua ni yake! Nikapiga kelele: ni mimi! Ruphin akapiga kelele: hapana, ni mimi! Nikasema mimi ndiye niliyeanza kusema. Akasema yeye ndiye aliyeanza kufikiri.

Mama Deborah akatutazama kwa zamu.

"Mushale moja, bapigaji babili? Bulozi gani hii?"

Akatusogelea. Ruphin alisimama wima, anatabasamu kama picha ya pasipoti. Mimi nilikuwa natetemeka tangu Jumatatu, na sasa meno pia. Akanielekezea mshale kifuani.

"Ni huyu. Muangalie! Muntu hawezi kutetemeka hivi bila kosa."

Nimeshinda!

Hukumu: kujaza mapipa yake mpaka fundi wa mabomba aje. Bidon, madumu ya maji, thelathini na moja. Patron alileta kiti, akakaa akituangalia. Ruphin alibeba moja, kwa heshima, akakumbuka ana shangazi mgonjwa.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Barua ni yangu! Imesainiwa! Patron akasema mtu anayejua kubeba anafaa kubaki. Ruphin ameombewa nafasi Sakania, anaondoka wiki ijayo. Alinipa mkono. Alibana sana.

Nimekaa nikatafakari. Uongo wa mstari mmoja, wiki nzima ya hofu. Nimeapa, mkono juu ya barua yenyewe: kuanzia leo, ukweli mtupu. Nimeapa saa nane.

Saa tisa Patron akaniita. Mama Deborah ana farasi kwenye klabu ya hapa mjini. Mpandaji wake amevunjika mguu, na Jumapili ya tarehe 26 kuna maonyesho, watu wakubwa watakuja. Anataka kijana jasiri, anayekubali makosa yake. Patron akauliza kama nawajua farasi.

Nilifungua mdomo niseme hapana.

Nikasema mama yangu alinizalia karibu kabisa na farasi.

Kwa hiyo wewe uliyeokota daftari, na umesoma ingawa nilikukataza: kama una farasi, au unamjua mwenye farasi, au hata punda asiye na kiburi, nitafute. Usipige simu. Usiandike ofisini. Njoo Kamalondo siku yoyote baada ya saa kumi na moja, kwa fundi cherehani mwenye mlango wa kijani. Uliza suruali ya buluu. Atakuuliza ya nani. Usijibu, kohoa mara mbili, nitatokea. Mnyama abaki kwenye kona.

Na tafadhali, awe mfupi.