Vita vya Mzee Mzima-Taa na Swichi ya Bafuni

Sogeeni, enyi mlalao na taa nanyi mlalao gizani, mfungue masikio na kufunga midomo, maana habari hii si ya mtu aliyeua simba wala aliyeteka mji. Hii ni kubwa zaidi. Ni habari ya Mzee Mzima-Taa, bingwa wa swichi, kitisho cha balbu, mume wa mke mmoja na baba wa binti mmoja, na ya yale yaliyompata katika korido ya nyumba yake mwenyewe.

Shujaa huyu alikuwa msimamizi wa jengo kubwa la ofisi hadi alipostaafu. Kila jioni, wenzake walipokwisha kuondoka, alipita ghorofa baada ya ghorofa akizima, na giza likamfuata nyuma kama jeshi limfuatalo jemadari. Kazi ilimwacha, mkono haukuiacha kazi. Nyumbani alizima taa ya sebuleni watu wakiwa bado wanasoma, akazima ya jikoni mkewe akiwa ameshika kisu, na inasimuliwa kwamba alipata kumzimia taa mgeni aliyekuwa akijitazama kwenye kioo, kisha akamtakia usiku mwema, ilhali ni saa kumi alasiri. Moyoni hakuwa na ubaya. Ila taa inayowaka mahali pasipo mtu ilimchoma kama mwiba chini ya ukucha.

Basi nyumba hiyo ilikuwa na bafu lisilo na dirisha, na humo alijenga ngome adui wa siku nyingi, Kuvu Mweusi, pamoja na wapambe wake bakteria, wasioonekana kwa macho, wenye kuleta utelezi na harufu ya tambara lililosahauliwa ndooni. Mama mwenye nyumba, ambaye kifua chake hakikuwa na nguvu, hakuoga humo ila alitoka akikohoa, ameshikilia ukuta. Wakasugua kwa brashi, adui akarudi. Wakamwaga dawa kali ya madoa. Adui akarudi vilevile, na safari hiyo Mama alikohoa hadi akalazwa hospitali.

Ndipo akaja binti yao, mtafiti wa maabara, amebeba kopo la unga mweupe uliokorogwa kama rangi ya ukuta. Akasimama mezani walipokuwa wakila, akanena.

"Baba, Mama, unga huu ukiwa gizani ni unga tu. Mwanga ukiupiga ndipo unapoamka. Unaifanya hewa na unyevu wa pale ukutani kuwa vikali, vikatoboa ngozi za bakteria, vikavunjavunja uchafu na harufu, na hautoi moshi wa kumuumiza Mama. Ninaomba jambo moja. Taa ya bafuni isizimwe, mchana wala usiku, mpaka nije kupima."

Mama na binti wakamgeukia Mzee. Mzee akatafuna taratibu, akasema amesikia. Na kweli alikuwa amesikia.

Ukuta ukasuguliwa, ukapakwa, balbu yenye nguvu ikafungwa, na swichi ikabandikwa plasta juu yake. Binti akarudi kwake. Kesho yake asubuhi Mzee aliingia kunawa uso, akatoka, na bafu lilikuwa giza kabla mwenyewe hajajua. Plasta aliikuta mezani, imenata kwenye kidole chake. Akajionya. Jua halijazama, akazima tena. Mama akawasha, Mzee akazima, Mama akawasha, na siku zikapita hivyo bila ugomvi, maana Mama alikwisha kumzoea mumewe kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Binti aliporudi na vijiti vyake vya pamba vya kupimia, alikuta madoa meusi yamechipua upya kwenye kona juu ya bomba. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akampigia simu mkuu wake wa kazi. Alisema kwa sauti ndogo kwamba maabarani unga unafanya kazi, lakini kwenye nyumba za watu umeshindwa, na kwamba kesho ataukwangua.

Mzee alikuwa koridoni, taulo begani, akisikia yote. Angeweza kwenda zake sebuleni, na hakuna ambaye angejua, kwa kuwa Mama hakuwa mtu wa kusema. Shujaa akaingia.

"Kata simu, mwanangu," akasema. "Unga wako haujashindwa. Wewe ulipeleka jeshi vitani, nami kila likiamka nikawa nalilaza. Usiukwangue. Paka upya, nami nitapigana na huyu."

Akauinua mkono wake wa kulia, akautazama kama mtu amtazamaye mgeni aliyegoma kuondoka.

"Utamweza, Baba?" binti akauliza, wala hakucheka.

"Sijui. Tumeishi pamoja muda mrefu."

Ukuta ukapakwa upya, na pambano lenyewe likaja alasiri moja, Mama akiwa sokoni na binti kazini. Mzima-Taa alioga, akavaa, akatoka, na nyuma yake taa ikabaki ikimmulikia asiyekuwapo. Mkono wa kulia ukapanda. Mkono wa kushoto ukaudaka kwenye kifundo, na viungo hivyo viwili vya mwili mmoja vikavutana hewani bila huruma, jasho likimtoka bingwa aliyetoka kuoga muda huohuo. Akajiburuta hadi sebuleni, akaukalia mkono. Lakini mwanga ulipita chini ya mlango wa bafu, ukatambaa sakafuni hadi kwenye mguu wa kiti chake. Akainuka. Akarudi. Kidole kikaigusa swichi, kikausikia ubaridi wake. Hapo akamkumbuka mkewe kitandani hospitalini, jinsi alivyokuwa akiivuta pumzi kama anayeteka maji kwenye kisima kirefu, naye yeye amekaa pembeni hana la kufanya. Kidole kikashuka. Mzee akaenda kukaa.

Siku zilizofuata alishinda, nyingine kwa wepesi, nyingine kwa taabu. Kona ikabaki nyeupe. Binti akaja, akapangusa ukuta, akaenda kupima, akarudi na habari kwamba bakteria waliokuwa umati sasa ni wachache waliotawanyika. Jioni hiyo Mama akaingia kuoga. Baba na binti wakakaa sebuleni, wakisikiliza maji na kukingojea kikohozi. Maji yakakoma. Kikohozi hakikuja. Mama akatoka ananukia sabuni, akasema leo maji yalikuwa mazuri, na akiwa anapita, kwa jinsi alivyofunzwa na miaka yote ya kuishi na bwana huyu, akazima taa.

Binti akajifunika mdomo. Mzima-Taa akasimama. Akaipita korido yote bila haraka, akaunyoosha mkono wa kulia, akawasha.

"Mke wangu," akasema, "humo ndani kuna watu wanafanya kazi."

Basi wanaohesabu zama kwa wafalme na wahesabu. Katika nyumba hiyo miaka huhesabiwa tangu siku ile Mzee alipowasha taa ya chumba kisicho na mtu, akaiacha, akaenda kula.