Lita Tano Kamili

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mimi, Mugambi, nimeaminiwa! Mwenyekiti Njuki ameniagiza nipange wanachama 47 wa chama chetu cha maziwa hapa Nkubu katika makundi mawili, kwa lita anazotoa ng'ombe kwa siku. Kundi la chini watapigiwa kura, mmoja apate mtamba wa gredi, wa maziwa mengi. Kundi la juu watasomwa majina kwa sifa kwenye mkutano wa Jumamosi. Jirani yangu Igoki husomwa kila mwaka, na shingo yake inajua. Ng'ombe wangu? Lita tano kamili. Nataka mtamba. Nataka na kusomwa.

Jumatano, 11 Juni
Nimepata! Kundi la chini: lita 1 hadi 5. La juu: 5 hadi 30. Tano iko kote kote, kwa hivyo nimejiandika kote kote. Si wizi, ni hesabu. Mama ameanza kufagia zizi.

Ijumaa, 13 Juni
Igoki alikuja. Ng'ombe wake aliugua kiwele, sasa ni lita mbili tu, na wajukuu wanakunywa chai ya rangi. Akaniomba nimwombee apate mtamba. Nikamwambia Mungu yupo. Niliona haya kidogo. Sikufuta jina.

Jumamosi, 14 Juni
Aibu! Nilisomwa, Mama akapiga vigelegele. Kisha kura ikatolewa kwenye kofia ya mwenyekiti, niliyoishika mimi: Mugambi! Madam Kaari, afisa wa mifugo, akajumlisha makundi. 48! Akauliza huyo wa 48 amezaliwa lini. Akaomba kila kundi lisimame upande wake. Nikabaki katikati peke yangu, na kofia ya mwenyekiti mkononi. Akanieleza kwa upole, na upole ndio ulioniua, kwamba kipimo kimoja hukaa kundi moja. Mama alitazama viatu vyake. Kura ikarudiwa. Igoki akapata, akalia.

Jumapili, 15 Juni
Sikuenda kanisani. Mama alipitia kwa Igoki kumsaidia kufagia zizi. Hajanisemesha tangu jana. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 17 Juni
Katekista alikuwa Timau, hajasikia lolote. Ameniomba nipange waumini kwa umri: vijana wachomewe mbuzi, wazee wapelekwe Kiambere kuona bwawa. Nimeapa kwa Mama sitachezea lita tena. Hii ni miaka. Vijana: 18 hadi 35. Wazee: 35 na zaidi. Nina miaka 35. Kosa langu lilikuwa kuacha watu wajumlishe. Safari hii kila kundi litakuwa na karatasi yake.