Nilivyoijua Orodha ya Tuzo ya Pazia Kabla ya Jury

Jumatatu, 6 Oktoba

Mhariri, Papa Henri, ameniita ofisini kwake. Hakunipa kiti. Kiti kilikuwa kimoja tu, na Chimène, mwandishi mwenzangu, alishakikalia.

Habari ni hii. Jumamosi saa nne asubuhi, hapa hapa katikati ya mji, Makiso, jury, yaani waamuzi wa Tuzo ya Pazia, itasoma majina ya vikundi vitano vya maigizo vitakavyoshindania tuzo. Gazeti letu linatoka Ijumaa. Papa Henri anataka bashiri mbili, yangu na ya Chimène, zikae upande kwa upande. Atakayepatia majina mengi atabaki na ukurasa wa maigizo. Mwingine atatafutiwa kazi.

Ukurasa wangu! Miaka kumi na moja! Watu wananisimamisha njiani kuniuliza: papa Jérémie, mwaka huu ni nani? Bila ukurasa mimi ni mwanaume mwenye mwavuli tu.

Papa Henri akakumbusha kwamba mwaka jana nilipatia jina moja kati ya matano. Nikamkumbusha kwamba lilikuwa la kwanza kusomwa.

Chimène ana miaka ishirini na sita na utaratibu wa ajabu: anakwenda kutazama michezo. Yote. Anakaa mbele na daftari. Kwa njia hiyo nani atashindwa kubashiri? Mimi sijakaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa maigizo tangu 2019, kwa sababu ya kiuno, na sijawahi kukosa la kuandika.

Jumanne, 7 Oktoba

Uchunguzi umeanza. Nimekwenda kwa Papa Waziri, mwalimu mstaafu na mjumbe wa jury, na chupa mbili za bia za kumlegeza ulimi. Papa Waziri ni Mwislamu kutoka Maniema. Tunafahamiana miaka ishirini. Nilisahau. Alizitazama chupa, akanitazama mimi, akasema jury bado haijakutana, na hata ikikutana hataniambia kitu. Akaniulizia hali ya mke wangu. Nimerudi na chupa zangu.

Ili kuchokoza siri, nimeandika neno kwenye kundi la WhatsApp la gazeti, lenye wasomaji mia nane: “Tunasikia harufu ya Yanonge kwenye orodha.” Sikusikia chochote. Yanonge, mji mdogo wa chini ya mto wenye kikundi chake, ilinijia kichwani kwa sababu mchana nilikula samaki wa huko. Lakini kazi hii ndivyo ilivyo: unatupa neno, unangoja kuona nani atashtuka.

Hakuna aliyeshtuka.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeipata!

Nilipeleka suruali kwa fundi wangu, Mama Georgette. Mezani kwake kulikuwa na rundo la kitenge kimoja, kijani chenye samaki wa manjano, nguo kumi na nne. Nikauliza za nani. Akanijibu bila kuinua kichwa: “Ya ba théâtre ya Yanonge, papa. Dada yabo aliileta jana mangaribi. Vipimo balituma kwa téléphone. Samedi asubui kila kitu iishe!”

Mgeni angepita hapo bila kuona kitu. Mimi nilishika meza. Huku kwetu hakuna anayevalisha watu kumi na nne kitenge kimoja kwa kubahatisha. Kitenge kimoja ni harusi, ni misa ya shukrani, ni kumaliza matanga. Yaani jambo limeshaamuliwa na siku inajulikana. Kwa hiyo Yanonge wameshaambiwa. Jury inavuja, na mimi nimeona inapovujia. Suruali niliisahau pale pale.

Mchana nimepigia simu vikundi vingine sita vya hapa mjini, vile ambavyo nina namba zao. Nikauliza kijuujuu tu: mmeshashona? Kila mmoja akauliza kwa nini ninauliza. Nikacheka kama mtu anayejua, nikakata. Wanaficha kitu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku nzima juu ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, kutoka fundi hadi fundi, mpaka barabara ya Bangboka. Mwenye baiskeli aliniuliza kama ninatafuta fundi au kuna fundi ananitafuta.

Matokeo: vikundi vyote sita vinashona! Kwa haraka, tangu asubuhi. Jana hapakuwa na hata uzi. Maana yake jury ilikutana jana jioni na habari ilitoka usiku huo huo. Katika miaka kumi na moja sijawahi kuwa karibu hivi na ukweli.

Tatizo moja dogo. Sita na Yanonge ni saba. Nafasi ni tano. Nimeondoa viwili kwa kuangalia kitambaa: kikundi ambacho kitambaa chake kilichuja rangi fundi alipokilowanisha kabla ya kupiga pasi, nimekifuta. Yanonge nimewaweka juu kabisa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Gazeti limetoka. Orodha yangu kushoto, ya Chimène kulia. Hakuna hata jina moja linalofanana. Namhurumia.

Alikuja mezani kwangu, kwa adabu kama kawaida yake. Akasema Yanonge aliwaona mwezi wa nane. Mwigizaji mkuu alisahau maneno, mjomba wake akasimama katikati ya watazamaji akayamalizia, na ukumbi ukampigia makofi mjomba. “Papa, weye uliwaonaka kweli?” Nikamwambia nina chanzo. Akauliza chanzo gani. Nikamwambia mwandishi hataji chanzo. Akanitazama kwa namna ambayo nimeamua ni woga.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ukumbi ulipendeza sana. Vitenge saba, safu saba, kila safu rangi yake. Papa Waziri alipopanda jukwaani na karatasi, alisimama kwanza akautazama umati, akamnong’oneza mwenzake. Nikamkonyeza. Akashusha macho kwenye karatasi.

Akasoma majina matano. Waliosimama walikuwa wamevaa nguo za kila siku. Mmoja alikuwa na kandambili! Hata sikuwa nimewapigia simu hao.

Chimène: manne. Mimi: sifuri.

Mama Berthe, kiongozi wa kikundi cha Yanonge, alinikuta karibu na mlango. Watu wake kumi na nne walikuwa wamepanda mto kwa boti siku nzima ya Ijumaa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. “Papa Jérémie, siye tulisoma kwako ku WhatsApp. Weye ulisema Yanonge iko ndani, donc tukashona. Alors, weye nani alikuambia?”

Nikamjibu ukweli: kitenge chenu.

Akawa anavuta mkono mmoja wa blauzi yake, uliokuwa mfupi kuliko mwenzake. Nyuma yake yule mjomba alikuwa bado ameketi, na kofia yenye samaki wa manjano kichwani, akingoja wasome karatasi ya pili. Hapakuwa na karatasi ya pili. Mtu alipaswa kumwambia, na mtu huyo alikuwa mimi. Niliona haya. Haya ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Jumapili, 12 Oktoba

Haya imepungua baada ya misa. Nimelipitia jambo zima kwa utulivu. Njia yangu haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba nilipigia vikundi sita tu. Ningepigia vyote, na wale watano wangekuwa wameshona pia, na ningewaona.

Jioni Chimène alikuja nyumbani na maandazi ya mama yake. Hakutaja orodha. Akasema Jumamosi ijayo kuna mchezo mpya, twende pamoja, nikae pembeni yake. “Benchi iko mbaya, papa, najua. Nitakubebea kiti ya mugongo.” Mke wangu akasema hilo ni wazo zuri sana. Nikasema nitafikiri. Nimekula maandazi matano kwa hasira.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo Papa Henri amepanda mwenyewe mpaka chumba chetu cha juu. Alisimama mara mbili kwenye ngazi. Ukurasa wa maigizo ni wa Chimène. Nilikuwa nimejiandaa, lakini iliniuma sana. Miaka kumi na moja imeingia kwenye katoni moja ya sabuni, na nafasi ikabaki.

Kazi niliyotafutiwa: ukurasa wa misiba. Familia zinaleta jina, picha na mahali pa matanga, mimi ninapanga. Papa Henri akasema hapo hakuna cha kubashiri, Jérémie, unangoja waje. Alirudia maneno hayo mara mbili, akiwa ameshika ukuta ili apumue.

Mpaka saa sita nilipanga matangazo manne. Ukurasa huu umelala! Kila kitu kinafika baada ya tukio. Msomaji analipata jina wakati majirani wameshalia, wameshakula na wameshaondoka. Kwa miaka yote hii hakuna aliyeliona hilo.

Mchana nilipita hospitali, kisha parokiani, kuuliza kijuujuu nani haonekani siku hizi. Jioni hii nimemaliza orodha ya watano watakaofuata. Wa tatu ni Papa Henri. Sijamwambia, ataisoma Ijumaa kama wengine, Mungu akipenda.