Sherehe ya Kuuaga Mtandao Kiptere

Calvince Oyugi alikuwa akibandika stika ya sitini na moja, IMESTAAFU KWA HESHIMA, mgongoni mwa kabambe, simu ndogo ya vitufe, ya mzee mmoja, wakati kipaza sauti kilipotangaza kwamba saa sita kamili mtandao wa zamani ungepumzishwa, na wananchi wa Kiptere wangeingia katika enzi mpya, wawe tayari au wasiwe tayari. Oyugi aliipenda sana sentensi hiyo. Aliiandika mwenyewe.

Alikuwa afisa wa daraja la nne katika Ofisi ya Kuaga Mitandao, na alikuwa mtu wa utaratibu. Kwanza jina la mwenye simu, kisha umri wa simu, kisha sababu ya kustaafu. Mzee alisema simu yake haina sababu ya kustaafu, kwani bado inakaa na chaji siku tano. Oyugi aliandika: uzee.

Meza yake iliwekwa katika banda la kituo cha kununulia majani chai, kwa kuwa ndilo lililokuwa na paa. Upande wa pili wa banda karani wa kituo, Monicah Adoyo, alikuwa akipima magunia. Zamu yake ilipofika, hakuitoa simu mara moja. Alimweleza Oyugi polepole kwamba lori la kiwanda linahudumia vituo vingi na huja linapoitwa. Yeye ndiye humpigia dereva, Johana, kila alasiri, kwa kabambe hiyo. Majani yakichelewa yanashika joto ndani ya magunia, yanageuka rangi ya kutu, na kiwanda kinayakataa. Leo kulikuwa na majani ya watu arobaini hivi, yaliyochumwa tangu alfajiri, na wenyewe walikuwa hapo nje wakingoja sherehe iishe.

Oyugi alielewa kabisa, akampa suluhisho.

"Utaomba simu mpya kwa app."

"Na hiyo app naiweka kwa simu gani?"

"Hiyo mpya."

"Ndugu yangu, hiyo umeisoma wapi?"

"Ukurasa wa kumi na mbili," alisema Oyugi, akabandika stika na kuiweka kabambe mezani pamoja na zile nyingine zilizokusanywa.

Saa tano na nusu Mkurugenzi wa ofisi hiyo, Zacheus Kimotho, aliwasili kwa gari kubwa jeusi. Katika hotuba yake alisema mtandao mpya ulifika Kiptere tangu Machi. Ulikuwa umefika kwenye ripoti, na sasa ulitarajiwa kufika kwenye mnara. Aliupongeza ule wa zamani kwa utumishi mrefu bila likizo, akausomea cheti. Kisha akampigia fundi wa mnara na kumwamuru azime. Hakuna aliyeona haja ya kumwambia kwamba simu yake ya bei ghali, kwa kuukosa mtandao mpya, ilikuwa imepitia ule ule wa zamani. Watu walipiga makofi, wengine kwa sababu ya baridi.

Saa saba gari la Mkurugenzi lilikataa kuwaka. Dereva wake, Vinny, alieleza kwamba magari yote ya ofisi yana kifaa cha kuonyesha yalipo. Kifaa kikikosa mtandao wa zamani kwa nusu saa, huamini gari limeibwa na kuifunga injini. Agizo hilo lilitiwa sahihi na Mkurugenzi mwenyewe, dhidi ya maafisa waliokuwa na tabia ya kupotea na magari.

"Basi fungua."

"Inafunguliwa na meseji, mkubwa."

"Tuma meseji."

Vinny aliutazama mnara kwa adabu.

Simu ya Mkurugenzi nayo ilikuwa imetafuta mtandao mpya mpaka ikaisha chaji. Saa kumi alitakiwa Kericho mjini, kueleza mafanikio ya Kiptere. Gari pekee lililotazamiwa kupita hapo siku hiyo lilikuwa lori la majani, na lori lilikuwa halijaitwa. Nje, wachumaji walianza kutumbukiza mikono ndani ya magunia kupima joto.

Adoyo alisema juu ya kilima mtandao wa mnara wa upande wa Kabianga hushika kidogo. Huo ulipangiwa kustaafu kesho. Mtu apande na kabambe, ampigie Johana.

Oyugi alifungua mwongozo. Simu iliyostaafu iliweza kurudi kazini kwa mkataba wa muda, Mkurugenzi akitia sahihi. Kimotho alitia, haraka kuliko alivyowahi kutia sahihi yoyote. Ilibaki kujua nani apande. Wachumaji hawakuruhusiwa kushika simu iliyo chini ya mkataba wa ofisi. Adoyo hakuruhusiwa kuacha mizani. Vinny hakuruhusiwa kuacha gari, hata kama haliendi popote. Oyugi mwenyewe hakuruhusiwa kuacha simu za wananchi. Aliipitia orodha mara mbili, asije akamwonea mtu.

"Mkubwa," alisema kwa upole, "nimeangalia vizuri. Ni wewe tu huna kazi."

Kimotho alipanda, viatu vyake vyeusi vikiteleza kati ya michai. Alipofika juu alipiga kelele kwenye simu, na bonde zima likasikia. Alisema yeye ni Mkurugenzi. Akanyamaza. Alisema ni Mkurugenzi wa mitandao. Akanyamaza zaidi. Johana alikuwa ameagizwa na kiwanda asimsikilize mtu yeyote isipokuwa karani wa kituo au msaidizi wake, na Johana hushika maagizo kama yalivyo.

"Haya," ilisikika kutoka kilimani, chini kidogo kuliko mwanzo. "Andika Kimotho. Msaidizi wa Adoyo."

Lori lilifika saa tisa na dakika kumi, majani yakiwa bado ya kijani. Yalipopakiwa yote, Kimotho alishika mlango wa mbele apande, Adoyo akamwita na kumkumbusha hali ilivyo. Kuzima mnara kulihitaji simu moja tu. Kuuwasha kulihitaji kikao, na kamati ingekutana Alhamisi. Mpaka hapo lori lingeitwa kutoka kilimani, na kwenye daftari la Johana kulikuwa na msaidizi mmoja tu. Kama Kabianga wangezimiwa kesho, hata kilimani kusingeshika.

"Kabianga ingoje," alisema Kimotho.

"Asante. Basi kesho saa nane, na usichelewe," alisema Adoyo. "Uvae gambuti."

Mkurugenzi alimgeukia Oyugi, aliyezijua kanuni. Oyugi alipekua mwongozo mpaka ukurasa wa mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akalifunika kwa turubai rundo la simu ambazo hazijabandikwa stika. Hizo zingengoja asubuhi.