Jeni za Vurugu

Asubuhi ile Mogesi alifika kijiweni amenuna. Kijiwe chenyewe ni benchi moja mbele ya kibanda cha Owuor, fundi cherehani, karibu na soko la Tarime. Owuor wanamwita Sindano kwa sababu mdomo wake unachoma. Mogesi, dereva wa bodaboda, ni Kobe. Sheila, mwalimu wa baiolojia, ni Madamu hata kwa wanaomzidi umri.

Redio ilikuwa ikieleza jinsi alama za kikemikali kwenye protini ziitwazo histoni zinavyofanya jeni ziamke au zilale.

"Umesikia, Kobe?" Owuor akadakia. "Siku hizi majini yanalazwa kwa kemikali!"

"Jeni, Sindano. Si majini," Sheila akamsahihisha, akipuliza chai.

Mogesi akaguna. "Neno hilo silitaki. Jana mzee Simioni kanifukuza kwake Gorong'a. Eti binti yake Winfrida haolewi kwetu, ukoo wetu una jeni za vurugu. Kisa, baba yangu alivunja viti harusini."

"Vingapi?" Owuor akauliza.

"Vinne."

"Mura, kijana wangu, mimi niliambiwa kumi na mbili, na spika ya muziki!"

Sheila akachukua uzi mezani kwa Owuor, akauzungusha kwenye kifungo cha koti.

"Tazama. Jeni zako ziko kwenye uzi mrefu mno. Ili utoshe ndani ya seli, unazungushwa kwenye histoni, hivi. Histoni zikibandikwa alama fulani, uzi unalegea, jeni inasomeka, inafanya kazi. Alama nyingine zinaubana, jeni inanyamaza. Ndiyo maana seli za jicho na za ini zina uzi uleule, lakini jicho halitoi nyongo."

"La mke wangu linatoa," Owuor akasema. "Ndoo nzima."

Mogesi alikuwa amesogea ukingoni mwa benchi kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. "Kwa hiyo Madamu, hasira za baba kwangu zimebanwa?"

"Sijasema hivyo. Hakuna jeni moja ya kuvunja viti. Kuna malezi, kuna pombe, kuna wewe mwenyewe. Ila kuwa na jeni hakumaanishi kwamba inafanya kazi."

"Tumpime hasira!" Owuor akasimama. "Kobe, pikipiki yako inakohoa kama mbuzi mwenye mafua."

Mogesi akatabasamu.

"Juzi abiria wako alishuka akatembea, akakutangulia kufika!"

Mogesi akacheka mpaka akashika tumbo.

"Zimelala fofofo, Madamu!" Owuor akatangaza.

Mara kicheko kikakatika. Mzee Simioni mwenyewe alikuwa amesimama mbele yao, kaja kuchukua suruali yake ya kanisani. Wote wakainuka, shikamoo zikamwagika. Akaitikia bila kumtazama Mogesi, akaipima suruali kiunoni. Iliishia juu ya kifundo cha mguu, mbali kabisa.

"Fundi, hii ni suruali au kaptula?"

"Mzee, ndiyo mtindo wa..."

Suruali ikaruka hewani. Kofia ikafuata. Kufumba na kufumbua, mzee alikuwa ameinua benchi, na Owuor amejificha nyuma ya cherehani. Mogesi akamshika mzee mkono taratibu.

"Mzee wangu, tulia. Ona, pindo lina kitambaa cha kutosha. Fundi atalifumua sasa hivi."

Mzee akatazama pindo. Kisha akalitazama benchi mikononi mwake, kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

Kutoka nyuma ya cherehani sauti ikauliza, "Madamu, na histoni za Gorong'a zikoje?"

Sheila akajifanya anakunywa chai, ilhali kikombe kilikuwa kitupu.

Mzee akaliweka benchi chini, akakohoa. "Kijana, pikipiki ina mafuta?"

"Yamo, mzee."

"Nipeleke nyumbani. Suruali utaniletea wewe Jumamosi. Uje na baba yako."

Mogesi karibu adondoshe ufunguo. Walipolipita soko, mzee akamwinamia sikioni.

"Nikwambie ukweli, mwanangu. Mimi nina nafuu. Winfrida akikasirika, hata mimi nakimbilia zizini. Nilikuwa nakuonea huruma tu."